Vitz ya Mwalimu: kwa nini shemeji hakuchukua mkopo wa teksi

Dereva wa teksi ya programu ya simu mjini Kisumu anamlipa mwenye gari hesabu ya shilingi 1,000 kila siku ya kazi. Sacco, chama cha akiba na mikopo, iko tayari kumkopesha anunue gari lake mwenyewe, na malipo ya mkopo kwa mwezi ni madogo kuliko hesabu anayotoa sasa. Achukue? Madereva wenzake wote walimwambia achukue. Sikuwashangaa, kwa sababu hakuna anayefurahia kuamka alfajiri kila siku kulisha gari la mtu mwingine.

Dereva huyo ni shemeji yangu, ndugu ya mke wangu. Mimi si dereva. Ni mweka hazina wa chama cha mtaa, na ndiyo maana alinijia na daftari lake pamoja na fomu ya Sacco iliyokuwa bado haijatiwa sahihi. "Shemeji, niangalizie hapa kabla sijaingia," akaniambia. Naandika tuliyoyaona katika daftari hilo kwa ruhusa yake, kwa kuwa nimewaona vijana wengi wa mitaa yetu ya Nyalenda na Manyatta wakiingia katika kazi hii wakiwa na tarakimu moja tu kichwani, ile ambayo simu huwaonyesha jioni.

Alivyoingia

Kabla ya teksi alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Milimani kwa mshahara wa shilingi 18,000 kwa mwezi. Akiba ya uzeeni ya NSSF ilikuwa inalipwa, na likizo pia. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Alikuwa na leseni ya udereva, lakini hakuwa na gari wala mtu wa kumshika mkono.

Hapa kazi hii inastahili sifa, na sitazibana. Zamani ukitaka kuendesha teksi mjini ilibidi upate nafasi kwenye stendi, na nafasi ya stendi hupewi kwa kuomba tu. Kulikuwa na kiingilio, kulikuwa na wazee wa stendi, kulikuwa na zamu. Uber ilianza Nairobi Januari 2015, Taxify, ambayo leo ni Bolt, ikafuata mwaka 2016, na baadaye huduma za aina hii zikaenea hadi miji ya huku kwetu. Sasa mtu asiye na jamaa anaanza kazi kwa stakabadhi zake peke yake: leseni yenye idhini ya PSV, yaani gari la kubeba abiria kwa malipo, cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, DCI, gari lililokaguliwa na bima ya kubeba abiria. Shemeji alizikamilisha kwa muda usiofika miezi miwili. Gari alilipata kwa mwalimu mmoja wa sekondari upande wa Maseno, ambaye gari lake dogo la Toyota, Vitz, lilikuwa limekaa uani muda mrefu bila kazi.

Kuhusu bima, alifanya jambo ambalo wengi huliruka. Vitz ile ilikuwa na bima ya gari la kibinafsi. Akamwambia Mwalimu kwamba hataigusa hadi bima ibadilishwe iwe ya PSV, kwa sababu bima ya kibinafsi haimlindi abiria aliyelipa nauli. Ajali ikitokea, kampuni ya bima ina njia ya kujitoa, na dereva na mwenye gari wanabaki na majeruhi, hospitali na wakili wa upande wa pili. Mwalimu alinung'unika kuhusu gharama, kisha akalipa. Ukikutana na mwenye gari anayekuambia, "Anza tu, bima tutabadilisha mwisho wa mwezi," mrudishie ufunguo.

Faida ya pili aliyoipata ni saa. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, ana kisukari na presha, na kliniki yake iko katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Alipokuwa hotelini, kila siku ya kliniki alilazimika kumwomba msimamizi, na mara nyingine msimamizi alikataa. Sasa anazima programu, anampeleka mama, anamsubiri kwenye foleni ya dawa na kumrudisha nyumbani, halafu anaiwasha tena. Hakuna mshahara wa shilingi 18,000 hapa Kisumu unaompa mtu nafasi hiyo. Watu husema madereva hawa wanadanganywa na neno uhuru. Kwa familia yetu uhuru huo ulikuwa mama kufika kliniki bila kukosa, na tunauthamini.

Tatu, bei inajulikana mapema. Muuguzi anayetoka zamu usiku hataki kubishana nauli na mwanamume asiyemjua, na dereva naye hataki mteja anayeanza kulia bei mkiwa mmeshafika. Safari inabaki kwenye kumbukumbu, jina liko, njia iko. Ni kweli wapo wateja wanaojisajili kwa majina ya uongo. Shemeji aliwahi kukimbiwa na vijana wawili gizani upande wa Nyamasaria bila kulipwa, na hakufidiwa. Tangu hapo kuna sehemu ambazo hakubali kwenda baada ya saa nne usiku. Hata hivyo anasema anajisikia salama zaidi kuliko angekuwa anaokota wateja barabarani.

Daftari

Mwalimu alimwekea sharti moja ambalo mwanzoni aliliona kero: kuandika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi kila asubuhi na kila jioni. Mwalimu alikuwa analinda gari lake tu, lakini sharti hilo ndilo lililotuokoa. Madereva wengi huandika fedha. Wachache sana huandika kilomita, na bila kilomita daftari la dereva halisemi kitu.

Tulichukua wiki moja ya kawaida, isiyo na sikukuu wala ufunguzi wa shule. Kwa siku sita programu ilionyesha mapato ya shilingi 21,000: karibu 3,000 kwa siku kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, 4,600 siku ya Ijumaa na 4,400 Jumamosi. Ukizidisha hiyo 21,000 kwa wiki za mwezi unapata tarakimu ya kumfanya mtu aache kazi ya ofisi. Ndiyo tarakimu anayopiga picha na kuwatumia marafiki.

Kampuni ilikata asilimia 18, yaani shilingi 3,780, zikabaki 17,220. Asilimia 18 ndiyo kikomo kilichowekwa na kanuni za mwaka 2022 za kampuni za usafiri wa mtandaoni, zinazosimamiwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kabla ya hapo Uber ilikuwa inakata asilimia 25 na Bolt 20. Waliopigania kikomo hicho walitenda haki na nawapongeza. Lakini tazama mstari unaofuata kwenye daftari uone kwamba kamisheni, pamoja na kelele zote zinazopigwa juu yake, si mzigo mkubwa kuliko yote.

Gari lilitembea kilomita 720 kwa kazi ya programu. Vitz ile, kwa kuwashwa na kuzimwa, kusubiri na kupanda milima, inatoa kama kilomita 15 kwa lita. Hizo ni lita 48. Petroli wakati huo ilikuwa karibu shilingi 180 kwa lita, kwa hiyo mafuta yalikula 8,640. Kamisheni mara mbili bado haifiki hapo. Na bei hiyo haiko mikononi mwa dereva wala mwa kampuni: EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, nauli ya programu inabaki ilivyokuwa, na dereva ndiye anayemeza tofauti. Mwezi Septemba 2023 petroli ilipovuka shilingi 200, walioumia kwanza walikuwa hawa.

Baada ya mafuta zilibaki 8,580. Ukitoa hesabu ya Mwalimu, 6,000, zinabaki 2,580. Ukitoa bando, kuosha gari na kuegesha, 900, zinabaki 1,680. Hizo ndizo fedha ambazo programu ilimwachia kwa wiki nzima ya kazi.

Aliishije basi? Aliishi kwa wateja wake mwenyewe. Wiki hiyo alikuwa na kazi za nje ya programu za shilingi 3,600, akatumia mafuta ya kama 1,200 kwa kilomita 100 hivi, akabaki na 2,400. Jumla ya wiki ikawa 4,080, na zaidi ya nusu yake ilitoka kwa watu waliompigia simu moja kwa moja. Kwa mwaka wenye wiki 50 za kazi, tukitoa siku za mazishi, gereji na ugonjwa, hiyo ni shilingi 17,000 kwa mwezi. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni, yaani muda wa saa 12 hivi kila siku, siku sita kwa wiki. Tukagawanya: karibu shilingi 57 kwa saa.

Alinyamaza muda mrefu. Hakuwa mvivu, hakuwa mlevi, na hakuwa amepoteza hata shilingi. Fedha zilikuwa zimeliwa na barabara.

Kilomita tupu

Kati ya zile kilomita 720, mteja alikuwa ndani ya gari kwa kilomita 400 hivi. Nyingine 320 gari lilikuwa tupu: kwenda kumchukua mteja, kurudi kutoka alikomshusha, kuzunguka kutafuta mahali penye rikwesti, yaani maombi ya safari, kwenda na kurudi nyumbani.

Kilomita za mteja zilimpa wastani wa shilingi 52 na nusu kila moja, na kwa bei hiyo kazi inaonekana nzuri. Lakini magurudumu hayajui kama kuna mtu kiti cha nyuma. Ukigawa 21,000 kwa kilomita zote 720 unapata 29. Ukitoa kamisheni unabaki na 24. Mafuta ni 12. Kwa hiyo kila kilomita ambayo gari lilizunguka ilimwachia shilingi 12 za kugawana kati yake na Mwalimu, na Mwalimu alichukua zaidi ya 8.

Katika kazi hii hakuna namba ninayoiamini kama hiyo. Programu haikuonyeshi. Inakuonyesha nauli ya kila safari, nyota zako na bonasi ya wikendi, lakini kilomita tupu hazina ukurasa wake kwenye simu.

Kisumu ina kilomita tupu nyingi kwa sababu ya umbo la mji na kwa sababu ya tuktuk. Safari fupi, ile ya Kondele hadi mjini au ya Kibuye hadi stendi, ni ya tuktuk na bodaboda, na itabaki yao, kwa sababu mtu mwenye shilingi hamsini mkononi hafungui programu. Teksi inaachiwa mwenye mizigo, mwenye mgonjwa, anayetoka usiku, aliyenyeshewa, na anayekwenda mbali kidogo. Anayekwenda mbali anakwenda Riat, Mamboleo au Kibos, na ukimshusha Riat saa nne asubuhi hakuna wa kurudi naye. Nairobi mtu akishushwa Kilimani anapata mwingine hapo hapo. Huku unashuka mlima peke yako.

Saa nazo hazilingani. Alfajiri kuna uwanja wa ndege. Jioni kuna watu wa ofisi, kuna ndege zinazotua kutoka Nairobi, na kuna ile mvua ya ziwani inayokuja ghafla jioni, ambapo kila mwenye viatu vizuri anatafuta gari na bei ya programu inapanda. Ijumaa na Jumamosi kuna mazishi, na mtu wa magharibi hahitaji kuelezwa zaidi. Familia inatua uwanjani ikielekea Bondo, Yala au Luanda, inataka gari la kwenda na kurudi na dereva mwenye subira ya kukaa hadi hotuba ziishe. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku za kazi, hakuna kitu. Daftari lilionyesha kwamba saa hizo tano alikuwa anazunguka sana na kupokea kidogo, akikubali rikwesti za kilomita nne kwenda kumchukua mtu anayesafiri kilomita mbili, ili tu simu isinyamaze.

Sasa ile fomu ya Sacco

Gari alilolilenga lilikuwa Vitz nyingine iliyokwisha kutumika hapa nchini, bei 720,000. Yeye na mkewe walikuwa na akiba ya 220,000. Sacco ingetoa 500,000 kwa miezi 36, riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na logibuku, hati ya umiliki wa gari, ingekaa kwao. Malipo ni shilingi 16,600 kwa mwezi.

Hesabu ya Mwalimu, kwa zile wiki 50, ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Ndiyo maana kila dereva alimwambia asilaze damu. Unatoa 25,000 kwa mtu na hubaki na kitu, kumbe ungeweza kutoa 16,600 na baada ya miaka mitatu gari ni lako.

Nikamuuliza: Mwalimu, akishapokea 25,000, hulipa nini? Hakujua. Tukampigia. Mwalimu ni mtu muwazi, akatusomea risiti zake.

Kwa mwendo wa shemeji, kilomita 820 kwa wiki pamoja na kazi za nje, gari hutembea kilomita 41,000 kwa mwaka. Servisi kila kilomita 5,000, mara nane kwa mwaka, shilingi 5,000 kila moja: 40,000. Matairi manne: 26,000. Breki, bushi, shoki na mengine ya chini, ambayo matuta na mashimo ya mitaani huyamaliza upesi: 45,000. Bima ya PSV kwa gari la thamani ile, wakala alimwambia 60,000. Leseni, ukaguzi na kodi ya mapema: tukaweka 15,000. Jumla ni 186,000 kwa mwaka, sawa na 15,500 kwa mwezi.

Kwa hiyo mwenye gari mwenye mkopo hatoi 16,600. Anatoa 32,100, ambazo ni 7,100 zaidi ya hesabu. Kipato cha shemeji cha 17,000 kingeshuka hadi 9,900 kwa miezi 36, akiwa na watoto wawili shuleni.

Alijibu kama ambavyo yeyote angejibu: "Lakini mwisho gari linabaki langu." Ni hoja nzito, tukaipa nafasi yake. Baada ya miaka mitatu na kilomita zaidi ya 120,000 juu ya zile ilizokuwa nazo, Vitz ile, ikiwa haijagongwa, ingeuzika labda kwa 420,000. Yeye angekuwa ametoa akiba yake 220,000 na ile nyongeza ya 7,100 kila mwezi, yaani 255,600. Jumla 475,600, kupata kitu cha 420,000. Angekuwa amepoteza zaidi ya 55,000, na pia angekuwa amebeba kila hatari ambayo leo inabebwa na Mwalimu. Injini ikifa leo, Mwalimu anaita fundi na hesabu inasimama hadi gari litoke. Injini ya gari la mkopo ikifa, Sacco inataka fedha yake tarehe ile ile, na wadhamini wake, mmoja wao akiwa mke wangu, wanaanza kupigiwa simu.

Watu humwonea huruma dereva wa kukodi na kumheshimu mwenye gari. Kwa kilomita zile na nauli zile, mwenye gari aliyekopa yuko pabaya zaidi, ila hajui, kwa sababu gari huchakaa kimyakimya. Kila nauli anayopokea ina kipande cha gari ndani yake. Anaponunua unga kwa fedha ile anadhani amekula faida, kumbe amekula tairi.

Bado sijataja yale ambayo hayamo kwenye mahesabu ya gari. Bima ya afya ya taifa, SHA, sasa anailipia mwenyewe kutoka mfukoni. NSSF hakuna mwajiri wa kumwongezea, na tangu atoke hotelini hakuwa ameweka hata senti. Mgongo wake, akiwa hata hajafika miaka arobaini, umeanza kumsumbua kwa kukaa.

Wateja wa simu

Kwa kuwa zaidi ya nusu ya kipato kilitoka nje ya programu, wazo la haraka ni kuachana na programu kabisa, au kumwambia kila mteja, "Futa safari, tumalizane wenyewe." Shemeji alikuwa ameanza kulifikiria. Nilipinga, na bado napinga, kwa sababu mbili.

Kwanza, mteja anayefutiwa safari amepoteza kumbukumbu ya usalama aliyoitegemea alipoita gari, na dereva naye pia. Ni kumvunjia ahadi mtu aliyekuamini. Pili, akaunti ikifungwa kwa sababu hiyo, mlango wa kupata wateja wapya umefungwa, maana wale wa simu wote walitoka wapi? Muuguzi wa Russia, mzee wa Tom Mboya anayesafiri Nairobi kila mwezi, mama mwenye duka la vitambaa anayepokea mizigo: kila mmoja alianza kama rikwesti ya kawaida. Safari ile ikaisha kihalali, kamisheni ikakatwa, na wao wakaomba namba ili siku nyingine wampigie mapema. Hapo hakuna aliyeibiwa. Mteja wa alfajiri wa uwanja wa ndege hataki kubahatisha saa kumi kama kutapatikana gari. Anataka mtu aliyeahidi kuwa langoni saa hiyo.

Kwa macho yangu, hiyo ndiyo thamani kubwa ya programu katika mji wa ukubwa wa Kisumu: inamtambulisha dereva kwa watu ambao asingewafikia.

Mazungumzo na Mwalimu

Fomu ya Sacco haikutiwa sahihi. Badala yake tulikwenda Maseno Jumapili moja baada ya ibada, shemeji akiwa na daftari.

Alianza vizuri kuliko nilivyotarajia. "Mwalimu, Jumanne nikikuletea elfu moja, mimi narudi nyumbani mikono mitupu. Ijumaa nikikuletea elfu moja, wewe ndiye unayepunjika. Naomba tufuate jinsi kazi ilivyo."

"Na Ijumaa mvua ikinyesha?"

"Mvua ndiyo neema yangu, Mwalimu."

Walikubaliana 800 kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na 1,300 Ijumaa na Jumamosi. Kwa wiki ni 5,800, pungufu kwa mia mbili tu, lakini Jumanne haimkabi tena. Mwalimu alikubali kwa majaribio ya mwezi mmoja, na kilichomshawishi zaidi ni ahadi ya pili: gari lingetembea kilomita chache. Mwenye gari anayefikiri vizuri anajua kwamba kilomita pungufu ni fedha.

Shemeji akabadilisha mwendo. Saa nne hadi saa tisa siku za kazi anazima na kukaa. Rikwesti ambayo mteja yuko zaidi ya kilomita mbili haikubali, isipokuwa safari yenyewe ni ndefu. Akipeleka mtu Riat au Mamboleo husubiri huko kidogo kabla ya kushuka. Alihofia kwamba kukataa kungemharibia alama zake na rikwesti zikapungua. Zilipungua, lakini alizozikosa nyingi zilikuwa zile zile zilizokuwa zinamla.

Wiki tuliyoipima baadaye ilikuwa hivi. Mapato ya programu 17,500, chini kwa 3,500. Kamisheni 3,150. Kilomita 500 badala ya 720, mafuta 6,000. Hesabu 5,800. Matumizi madogo 750. Programu ikamwachia 1,800, zaidi ya ile 1,680 ya mwanzo ingawa aliingiza kidogo. Kazi za simu, kwa kuwa sasa alikuwa na nafasi ya kuzipokea, zilifika 4,500, akabaki na 3,000 baada ya mafuta. Jumla 4,800 kwa wiki, sawa na 20,000 kwa mwezi. Saa za kazi zilipungua kwa ishirini kwa wiki, na kila saa sasa inampa shilingi 92 badala ya 57. Bado si utajiri. Ni juu kidogo ya mshahara wa hoteli, bila likizo, na kwa mpango mpya anaweka shilingi mia mbili kila wiki kwenye NSSF kwa hiari.

Akiniuliza kijana mwingine kama aingie, kwanza nitamuuliza anaishi kwa nini kwa sasa. Kama hana kitu na anaweza kupata gari la kukodi kwa hesabu inayofuata siku, aingie, aandike kilomita tangu siku ya kwanza na kujijengea wateja. Kama ana kazi ya mshahara na anataka kuiacha ili achukue mkopo wa gari, nitamwomba asubiri. Mwenye gari lililokwisha kulipiwa anaweza kuliendesha alfajiri na jioni kama nyongeza, mradi bima iwe ya PSV na akubali kwamba gari linauzwa kidogo kidogo.

Bado kuna jambo moja ambalo halijaamuliwa. Mwalimu anakaribia kustaafu na amesema ataiuza Vitz, shemeji akiwa wa kwanza kuulizwa. Bei wanayoizungumza ni 450,000. Akiweka 250,000 na kukopa 200,000 kwa miezi 24, malipo ni kama 9,400 kwa mwezi. Kwa mwendo wake mpya wa kilomita 31,000 kwa mwaka, na bima ya gari la thamani ndogo, matunzo tumeyakadiria 13,300 kwa mwezi. Jumla 22,700, wakati hesabu ya sasa ni karibu 24,200. Safari hii namba zinakubali, kwa tofauti ndogo mno, na mkopo unaisha mapema kabla gari halijachoka kabisa. Kilichobaki ni fundi asiye na uhusiano na upande wowote aifungue na kuiangalia giaboksi, kwa sababu ikihitaji kubadilishwa, ile tofauti ya 1,500 kwa mwezi inakwisha yote. Wamepatana kwenda naye mwezi ujao.